Unga wa Ida

Kijiji cha Maguu,
Wilaya ya Mbinga,
Ruvuma.
12 Oktoba 2024

Mwanangu mpendwa Vitalia,

Marahaba. Najua ukiifungua hii utaanza na shikamoo, basi nimeshaitikia tusipotezeane muda. Hujambo? Mkwe wangu Cleopa hajambo? Vumbi la huko Geita bado linamkohoza, au ameanza kunywa yale majani niliyompa? Kama ameyatupa aseme, nisimwombee bure.

Sisi huku hatujambo. Kahawa tumemaliza kuchuma, mvua bado, yule mbuzi mweupe amezaa mapacha. Bega langu la kulia linauma, nitakuambia kwa nini. Ida mzima. Mzima kweli, si ule uzima wa kukufurahisha wewe kwenye simu.

Naandika kwa sababu kwenye simu hatuelewani. Ukimaliza kusema ya kwako, mimi nikianza ya kwangu, mtandao unakatika. Mtandao gani huo unaojua zamu? Barua haikatiki. Na nimeiandika kwa mkono wangu, kwa darasa langu la nne lile lile, maana anayeniandikia siku zote ni Ida mwenyewe na haya si ya kumpitishia mtoto. Mwandiko uvumilie. Raimundi wa jirani anarudi mgodini, atakuletea. Isome mpaka mwisho ndipo unipigie kunifokea.

Ulisema mwezi wa kumi na mbili unakuja kumchukua mtoto. Ulisema, "Mama, kwako ndiko anakougulia." Neno hilo nimelala nalo, nimeamka nalo, nimelima nalo. Nimelea ninyi wote kwa mikono hii na hakuna aliyekonda. Leo naonekana namlisha mjukuu wangu sumu. Basi kaa chini unisikilize.

Tangu siku ile daktari alipotuambia tumbo la Ida halipatani na ngano, wala halitapatana maisha yake yote, mimi ngano niliifukuza nyumbani kwangu. Wewe unaijua ngano yangu. Baridi hii ya huku juu inaipenda, na sare zako za shule zilitoka kwenye ngano ile. Niliacha kuilima. Shamba la juu sasa mashimo yote ya ngoro ni mahindi na maharage tu. Chapati sipiki. Hata kikaango cha zamani nilimpa Hedwiga, jirani yetu, nikanunua kingine. Mwanamke gani mwingine hapa Maguu amegawa kikaango kizima?

Sasa watu. Vitalia, watu wamenichosha. Jumuiya tukimaliza sala inaletwa chai na maandazi. Ida akinyoosha mkono namzuia, kina mama wananitazama kama nimeiba sadaka. "Bibi Scholastica, hata andazi unamnyima mtoto?" Nikieleza, anatokea mmoja anasema kipande kidogo hakimdhuru, mbona wa kwake wanakula. Wa kwako wana tumbo lako! Hedwiga alimpa kwa siri nyuma ya jiko, eti anamhurumia. Mtoto akatapika usiku kucha. Nilimfuata Hedwiga kwake asubuhi. Nilichomwambia siandiki hapa.

Madukani nako ni balaa. Nilishuka Mbinga mjini nikamwambia kijana wa duka, nataka biskuti zisizo na ngano. Akaniletea pakiti kwa heshima zote. "Hizi, Bibi, ni za maziwa." Nikafurahi kama mjinga. Nje ya duka Ida akageuza pakiti, akasoma yale maandishi madogo kama sisimizi, neno la kwanza kabisa unga wa ngano. Nikarudi ndani. Kijana ananiambia, "Lakini Bibi, na maziwa yamo." Tambi ngano, soseji ndani wameweka ngano, hata kile kiungo cha mchuzi cha kwenye pakiti kina ngano. Ngano inatafuta nini kwenye mchuzi?

Na wewe usijione umepona. Lile boksi ulilotuma kwa basi, biskuti maalumu na mkate maalumu. Nakushukuru, umejitahidi. Lakini uliuonja? Ule mkate ukiubana unakuwa unga, ukiutia kwenye chai unakuwa tope. Ida alisema asante, akaondoka nao, nikaukuta chini ya godoro na panya hajaugusa. Usitume tena. Mtoto haishi kwa kula kitu kwa sababu tu hakimuui. Anataka kitu akikimaliza alambe vidole, kama watoto wenzake.

Safari ndiyo kabisa. Likizo ya mwezi wa sita nilimpeleka Liuli kwa wazazi wa Cleopa, kama mlivyotaka. Stendi ya Mbinga ukigeuka kulia sambusa, ukigeuka kushoto chapati. Nilikuwa nimefunga magimbi, mayai ya kuchemsha na karanga, tukala tukiwa tumewapa mgongo. Mbamba Bay tukakuta samaki wa kukaanga, mbasa wanene, wa moto. Nikasema sasa hapa tumefika, samaki ni samaki. Nikashukuru Mungu nikamuuliza mama muuzaji kwa mazoea tu, "Hujachovya kitu humu?" Akasema, "Ngano kidogo tu, Bibi, asigande kwenye kikaango." Ida alikuwa ameshamshika samaki mkononi. Alimrudisha mwenyewe kwenye sinia, hakulia. Afadhali angelia.

Kule Liuli yule mkwe mwenzangu Siwema alitupokea vizuri, siwezi kusema uongo. Ugali wa muhogo, dagaa wa usipa wa kukaushwa juani, na asubuhi vitumbua vya mchele na nazi. Ida alikula vitumbua mpaka nikaona aibu. Mashavu yakarudi. Na Siwema hakuniacha. Kila akipita na sinia, "Huku ziwani, mama mwenzangu, ngano hatuna habari nayo." Kila akipita! Kana kwamba mimi niliibeba ngano tumboni nikaizaa. Nami nikala vitumbua vyake, kwa sababu nilikuwa mgeni.

Tukarudi Maguu. Hazikupita siku nyingi tumbo likaanza tena. Kuharisha, kulegea, sketi ya shule ikawa inamvuka, nikawa naikaza kiunoni kwa pini. Ndipo na wewe uliposema lile neno lako. Na mimi, Vitalia, nilikasirika, lakini ndani nilikuwa nimekwishaliona. Kwa Siwema anapona, kwangu anaugua. Mtoto ni yule yule. Chakula changu ni ugali wa mahindi yangu mwenyewe, niliyoyapanda, nikayapukuchua, nikayabeba kichwani mpaka mashineni. Uovu unaingilia wapi?

Sasa unaijua mashine ya Augustino na unajua desturi yetu. Mtu mzima hapangi foleni. Nikitokea tu pale asubuhi na debe langu wanasema, "Bibi apite," hata aliyelala mlangoni ananipisha. Miaka yote nasaga wa kwanza. Ni haki yangu, na nilikuwa naipenda, sikufichi. Nikimaliza naondoka na unga wangu wa moto, wengine wakiwa bado wanapiga miayo.

Wiki moja ya mwezi wa nane nilisaga wa kwanza kama kawaida, unga ukatoka mwekundu mwekundu. Nikamgeukia Augustino, "Wewe kijana, umeniwekea nini?" Akasema, "Si mimi, Bibi. Jana jioni nilifunga na ulezi wa mtu. Mashine haitoki tupu, ule mfuko wake wa kitambaa unabakiza wa aliyetangulia. Anayefungua asubuhi ndiye anayeupata." Nikamwambia sijawahi kuona wekundu huo. Akasema, "Hutauona, maana siku nyingine nafunga na Mama Bonifasia. Ulezi ni wa leo tu, yeye alikuwa msibani."

Bonifasia ni yule wa maandazi ya pale shuleni. Kila jioni analeta ngano yake baada ya wenye mahindi wote, ili Augustino abadilishe chekeche mara moja tu. Nyeupe kwa nyeupe, nani ataiona?

Nilikaa juu ya gunia la mtu. Augustino akadhani nimeshikwa na kizunguzungu, akaniletea maji. Miezi yote ile nakagua mikono ya jirani, nanusa vikaango, nagombana na biskuti, na kila asubuhi ya kusaga mimi mwenyewe napita mbele ya watu wote kwenda kumchotea Ida ngano. Siwema muhogo wake anautwanga kwenye kinu nyuma ya nyumba. Hana cha ajabu. Ana kinu.

Basi nami nikarudi kwenye kinu. Nikatwanga mpaka bega likagoma, ndilo hilo linalouma. Ndipo nikaenda kwa Augustino tukapatana. Anakung'uta ule mfuko, na mimi nasaga wa mwisho kati ya wenye mahindi, kabla Bonifasia hajafika. Debe dogo la kwanza napitisha la kuku, linalofuata ndilo la Ida.

Lakini kusimama nyuma, mwanangu! Usifikiri ni kazi rahisi. Nikifika wanapiga kelele, "Bibi, pita, pita!" Nasema sipiti. Wananishika mkono, nawapiga makofi mikononi. Wasichana wadogo wenye watoto mgongoni wako mbele yangu, mimi nyuma yao na debe langu. Hedwiga ametangaza kijiji kizima kwamba nimesusa. Mwingine anasema nimekosana na Augustino, mwingine eti nimeanza kuzeeka vibaya. Mwalimu Zabron alinijia nyumbani kabisa kuniuliza nani kanikosea heshima, anisuluhishie. Nikamwambia, "Mwalimu, niacheni nisimame, miguu ni yangu." Jua linanipiga, njaa inaniuma, na wanaopita njiani wanacheka. Lakini siondoki pale.

Jambo la pili ni gumu kuliko foleni, nalo nimelifanya. Nilimpigia Siwema kumuuliza vitumbua vyake. Mimi, kumpigia yule! Alinifanya niulize mara mbili, eti hasikii vizuri. Akaniambia niloweke mchele usiku, niutwange, nisipeleke mashineni. Hapo nikamkatiza, nikamwambia hilo nalijua kuliko yeye. Sasa Jumamosi kwangu ni vitumbua. Na nimeongeza changu, mahindi mabichi ya bondeni na ndizi mbivu, nafunga kwenye majani ya mgomba nachemsha, mkate unatoka mtamu hauhitaji hata chai. Ida anasema wa kwangu unashinda vitumbua. Nimemwambia asimwambie bibi yake wa Liuli, itamuumiza. Halafu nikamwambia, basi mwambie tu.

Jumuiya nako nimekomesha maneno. Ilipofika zamu yangu ya chai nikapika mkate huo na vitumbua, andazi hata moja hakuna. Wote wakala. Yule aliyesema kipande kidogo hakimdhuru alifunga vingine kwenye khanga akidhani simwoni.

Limebaki la Komunyo. Ida anapokea ya kwanza Sikukuu ya Kristo Mfalme. Na hostia ni ngano, usinikumbushe, nimeshalia kwa hilo. Katekista Ladislaus alisema labda asubiri mpaka apone. Apone lini, na daktari kasema ni la maisha? Nikampita, nikaenda kwa Padre mwenyewe. Padre akasema wala haina shida, atapokea kwenye kikombe, divai peke yake, kikombe chake kikae pembeni kisichanganywe. Na ni Yesu mzima, hakupungua. Ladislaus sasa anajifanya ndiye aliyeuliza.

Vitalia, sikukatazi mwanao. Umemzaa wewe. Ila nilitaka ujue hakuugua kwa uzembe wangu, na kwamba nikilijua jambo nalifuata hata likinivua nguo mbele za watu. Hospitali ya Litembo wamempima juzi, nesi amefurahi. Lakini ya nesi usiyaamini, amini hii pini niliyoichoma hapa chini ya karatasi. Ndiyo niliyokuwa nakazia ile sketi. Jumatatu Ida ameivaa bila pini na imekaa, na Ijumaa amelalamika inambana.

Njoo kwa Komunyo, usisubiri mwezi wa kumi na mbili. Gauni jeupe ulilete wewe, na lisiwe la kipimo kile cha zamani ulichonacho kwenye simu. Mtazame, mlale kitanda kimoja, mle mkate wangu. Ukiona sketi inamvuka tena, mchukue, nguo zake nitazikunja mimi mwenyewe na sitasema neno. Lakini ukiona imekaa, rudi Geita na begi lako lilivyokuja, na pini yangu unirudishie, ni nzuri bado.

Msalimie Cleopa. Umsalimie na shemeji yako Nazari ukimwona, mwambie mama yake Siwema ni mzima na bado anaringa. Hapa wanakusalimu Augustino wa mashine, na Hedwiga pia, ingawa sijamtuma. Ida amelala, salamu zake atakupa mwenyewe.

Mungu akulinde barabarani, na ukisafiri funga mayai na magimbi, stendi usile ovyo.

Ni mimi mama yako, nikupendaye hata ninapokufokea,

Scholastica