Korongo Mwenye Sindano

Suna, 19 Mei 2024

Kwa Baba mpendwa,

Natumai wewe na Mama mko wazima huko Lambwe. Mimi niko sawa, ni mafua tu kidogo.

Baba, nimekipata! Kile kitabu cha Kiingereza ulichokuwa ukinisomea kwa Kiswahili nikiwa mdogo, kile mchwa walikula. Maktaba ya shule iko na vitabu vyote sita vya mfululizo huo, na chetu ni cha pili. Korongo wetu yuko palepale kwenye jalada na sindano yake. Ijumaa mmoja wetu atasimulia kitabu mbele ya darasa. Unajua vile naogopa watu, lakini niliinua mkono. Hiki sihitaji hata kukifungua. Nakijua kwa sauti yako.

Usisahau visiting, siku ya wazazi kututembelea, ni tarehe 16 Juni.

Binti yako,
Nyamusi

Lambwe, 22 Mei

Kwako Nyamusi, uliyebeba jina la mama yangu,

Sisi wazima, mahindi yamefika magotini. Nimefurahi umeinua mkono. Lakini nakuomba, kabla ya Ijumaa kisome kwanza. Chote. Usitegemee maneno yangu.

Baba yako

Suna, 3 Juni

Baba,

Hamjambo. Barua yako ilifika Jumatatu. Mimi nilikuwa nimesimama Ijumaa.

Nilisema korongo ni fundi, anashona ziwa kila viboko wakilipasua, ndiyo maji yasimwagike. Emmah, ambaye alikuwa amekisoma, akadakia, "Wee! Hiyo sindano ni ya sumu! Huyo ni mpelelezi, anafungwa jela!" Darasa lote likaangua kicheko. Sasa nikipita bwenini ni, "Fundi, nishonee ziwa!"

Nimekisoma chote. Hakuna hata ukurasa mmoja wa kwako. Ulikuwa unaangalia picha tu, sivyo? Miaka hiyo yote ulinidanganya.

Visiting usije.

Nyamusi

Suna, 17 Juni

Baba mpendwa,

Natumai mko salama. Mimi siko.

Jana nilikaa karibu na geti tangu saa tatu, nikitafuta kofia yako kwenye kila pikipiki. Mamake Emmah alinipa chapati, nikasema nimeshiba. Najua nilikukataza. Nilidhani utakataa kukatazwa.

Wacha niseme ukweli. Nimekirudia mara tatu. Ni kizuri. Lakini nikifika pale korongo anafungwa, nakusikia ukikohoa kama ulivyokuwa ukikohoa kabla ya kugeuza ukurasa, nami nangoja. Hakuna kinachokuja.

Nimekosa, Baba. Please njoo.

Binti yako,
Nyamusi

Lambwe, 25 Juni

Kwako mama yangu mdogo,

Tuko wazima. Siku ile nilivaa, nikafika hadi stendi ya Rongo. Hapo nikakumbuka ulivyoandika, nikarudi.

Mimi niliishia darasa la nne. Kiingereza kilinipita. Wewe ukinikalia mapajani na kusema "soma", ningekujibu nini? Nilijua siku ukijua kusoma, utanijua na mimi. Siku hiyo niliiogopa sana. Na kila asubuhi nikakushika mkono nikakupeleka shule.

Nimempigia simu mwalimu wako. Amekubali nije Jumapili hii. Azima kile kitabu, unisomee kilivyoandikwa, polepole, na nisipoelewa unifafanulie. Ni miaka kumi sasa natamani kujua kinasema nini.

Ni mimi,
Baba