Koki ya Tangi la Nyuma

Morogoro, Alhamisi. Mvua ya manyunyu tangu asubuhi. Milima haijaonekana siku ya nne leo.

Sauti ile haijanitoka: chuma kikilia juu ya chuma, mara tatu, kisha kimya. Ilikuwa Jumatatu, kumepambazuka tu. Mzee Shabani, fundi wetu wa boila, alikuwa anafunga koki ya tangi la nyuma. Aliponiona aliangalia chini.

Alikuwa amechelewa. Wote wawili tulikuwa tumechelewa.

Tangi hilo la mafuta ya boila kiwandani kwetu limezungushiwa ukuta mfupi wa zege, ili mafuta yakimwagika yabaki humo. Chini ya ukuta kuna koki ya kutolea maji ya mvua. Unaifungua, unasimama hapo mpaka maji yaishe, unaifunga. Lakini masika hii nani asimame? Huachwa wazi wiki nzima. Kila mtu anajua. Mimi, afisa mazingira na digrii yangu, nilijua.

Na kila Ijumaa nilijaza fomu ya ukaguzi. Koki imefungwa: tiki. Tiki saba za siku saba, nimekaa ofisini na kikombe cha chai, kwa sababu nje kulikuwa na matope.

Hapo ndipo ninaposhindwa kujitetea.

Jumapili maji ya mlimani yalilowesha ardhi, nguzo ya bomba ikaegama, kiungo kikaachia. Mafuriko hayakufika hata nusu ya ukuta. Mafuta yalimwagikia ndani, mahali palipojengwa kwa ajili yake, halafu yakatoka taratibu kwenye koki, yakaingia mtaroni, yakateremka mtoni.

Chini kule analima Mama Koleta. Bustani ni ya ukoo wa mama yake. Huniuzia matembele kila Jumamosi na huniongeza fungu bila kuombwa. Jumatatu mchana nilimkuta kachuchumaa kwenye matuta, anafuta jani mojamoja kwa upindo wa kitenge. Mto ulikuwa umepanda ukashuka, ukaacha weusi juu ya kila kitu. Nilimwamkia. Aliitikia bila kuinua uso.

"Mchicha wa leo usiuhangaikie mafuta, mwanangu," alisema. "Umekuja nayo."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka ili nisiseme. Akaendelea kusema kwamba mvua ni ya Mungu, atafanyaje, na mimi nikaitikia kwa kichwa.

Jumanne meneja alinipa taarifa nisaini. Imeandikwa kwamba mafuriko yalipita juu ya ukuta na koki ilikuwa imefungwa. Nilipositasita hakunigombeza. "Fomu ni yako, dada," alisema. "Mimi nimeifuata tu."

Alisema kweli.

Siku mbili nilijiambia nanyamaza kwa ajili ya Mzee Shabani, aliyebakiza mwaka mmoja astaafu. Jana akaja mwenyewe mlangoni kwangu, kofia mkononi. Akasema yeye maji ya mto ule alioga utotoni, na kwamba nisimfanye yeye kisingizio. Akaondoka kabla sijamkaribisha kiti.

Taarifa ya meneja sikuisaini. Leo asubuhi nimeandika barua yangu: koki ilikuwa wazi, sikwenda kuikagua, saini kwenye fomu ni yangu. Nimeambatisha fomu zote za masika, nikazipeleka ofisi ya maji, nikasubiri mpaka wakagonga muhuri kwenye nakala.

Ndipo nikateremka mtoni.

Mama Koleta alinisikiliza huku anang'oa miche, anaitupa nyuma yake. Nilimweleza yote, hadi tiki, hadi kikombe. Aliuliza swali moja tu.

"Chai yenyewe ilikuwa na maziwa?"

Nilijibu ndiyo. Akarudi kwenye tuta lake. Nilisimama pale mpaka mvua ikaongezeka, na hakuniambia nisogee wala niondoke.

Barua niliitanguliza makusudi. Niliogopa kwamba angenisamehe kwanza, na nisingeipeleka.