Santuri ya Lucius

Kansas City, Novemba 1942

Kaka Roscoe,

Hatujambo, ila baridi imewahi. Mama hali chakula vizuri tangu jeshi lituletee telegramu ya kifo cha Lucius.

Siku hizi dukani hawakuuzii santuri mpya mpaka upeleke ya zamani, ikayeyushwe kwa ajili ya vita. Mama alitaka ya nyimbo za kanisa, akapeleka ile chakavu ya bendi.

"Imeandikwa jina la mkubwa wa bendi tu," akaniambia. "Ya tarumbeta ya mwanangu si ipo?"

Ndiyo hiyo hiyo aliyoipeleka, kaka, ila sikumwambia. Vita vilimla yeye, sasa vimekula na sauti yake.

Kila jioni Mama husema, "Niwekee Lucius." Namwambia sindano ya gramafoni imekwisha.

Leo amerudi na sindano mpya.

Dada yako,
Luvenia