Nikigeuka Namtazama Baba Mkwe, Nisipogeuka Bega Linauma

Mpendwa Mama Mbuke, shikamoo na pole na kazi ya kusoma shida zetu. Naomba msaada wako maana nimefika mahali nikisikia mpira unadunda roho inanipaa, na mchezo wenyewe ndio ulioniponya.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu hapa Mbeya, kwetu ni Iringa, Mhehe, nimeolewa na Mnyakyusa anaitwa Lusekelo na tunaelewana vizuri tu, ugomvi hatuna. Baada ya kujifungua mtoto wa pili nilipata presha, daktari akaniambia mwalimu usipotoa jasho utameza vidonge mpaka uzeeni, ndipo mume wangu akaninunulia raketi ya mtumba akanipeleka kwenye kile kiwanja cha zamani chenye mikaratusi, na mimi niliyedhani tenisi ni mchezo wa watu wa kwenye televisheni nikanogewa, presha ikashuka, usingizi ukarudi, na nikapata shoga, Sabina, anauza viazi sokoni, anapigia mkono wa kushoto na anacheka hata akifungwa.

Shida ni baba mkwe. Jina lake siwezi kuliandika hata humu, utanielewa. Ni mwalimu mstaafu, nusu ya watu wanaocheza pale amewafundisha yeye, na tangu mama mkwe afariki hana pengine pa kwenda, kila jioni anakuja na kiti chake cha kukunja, koti zito na kofia ya sufu, anakaa kwenye kona ya upande wa mikaratusi mpaka tufunge. Na wewe unajua mila za huku, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, haongei naye, wakikutana njiani mmoja anapisha. Wengi mjini wamelegeza, ila ukoo wetu bado wanaishika na mimi niliipokea kwa moyo mmoja siku nilipoingia, nyumbani napitia mlango wa jikoni na maisha yanakwenda. Ila nadhani walioweka mila hii hawakuwahi kucheza tenisi.

Maana mtu wa mkono wa kulia akitaka kusevu, yaani kuanzisha mpira, anatakiwa asimame ubavu, kifua kielekee kulia, halafu mwili ukijizungusha ndio unausukuma mkono. Sasa nikiwa upande wa mikaratusi, kulia kwangu ndiko kilipo kiti chake, nikisimama ubavu tunatazamana macho kwa macho hatua chache tu, kwa hiyo sisimami ubavu, nasimama kifua wazi kwa neti, nainamisha uso, naurusha mpira juu na kuupiga kwa nguvu ya mkono peke yake kama mtu anayepura mpunga kule Madibira. Tukibadilishana upande, nikisimama ubavu yeye anabaki mbali mgongoni kwangu, na huko Mama sevu zangu zinaingia mpaka Sabina anashangaa. Tena kwa heshima yake najifunga kitenge juu ya suruali ya mazoezi, tena nakifunga kisawasawa, miguu haitanuki, mpira ukienda mbali naufuata kwa kunyoosha mkono. Na ili nisikae naye sana nawahi kiwanjani kabla hajafika, na unajua baridi ya Mbeya mwezi wa saba, nikifika tu naanza kupiga kwa nguvu, mambo ya kukimbia taratibu na kuzungusha mabega sina muda nayo.

Bega lilianza kama mchomo mdogo. Nikapaka dawa ya kuchua, nikaenda kwa mama mmoja anayechua akalivuta mpaka nikaona nyota, sasa kila nikitaka kucheza nameza dawa za maumivu kwanza, nikirudi nyumbani siwezi hata kufunga kilemba. Darasani naandika nusu ya chini ya ubao tu, watoto wa nyuma wanasimama juu ya madawati ili waone, na juzi mwalimu mkuu alipita akauliza kwa nini darasa langu limekuwa soko.

Kibaya zaidi ni maneno ya shangazi yake mume wangu, shangazi Tumpe. Aliniona nashindwa kunyanyua ndoo akanivuta pembeni akaniambia, "Mwanangu, hiyo mkono haiumi bure. Ilinyanyuka juu ya kichwa cha mkweo, tena imeshika kitu ya kupigia." Anataka niache tenisi na niombe msamaha mbele ya ukoo. Tangu siku hiyo silali. Mimi ni Mkatoliki, nasali, lakini usiku nikigeukia ule upande nasikia maneno yake pamoja na maumivu.

Na nikwambie ukweli, wivu nao unanila. Baba mkwe hanisemeshi, sawa, mila ndiyo hiyo, lakini anamfundisha Sabina kila siku, tena kwa sauti kubwa. "Sabina, simama ubavu." "Sabina, mguu kwanza, mkono unafuata." Sabina mwenyewe anasimama ubavu vizuri tu na anakimbia kama swala, anasema mzee ameanza kuzeeka, anamsingizia makosa ambayo hana. Wiki iliyopita mzee alimwambia, "Sabina, hilo bega la kulia lipumzishe, usilipe vidonge ukaja kulichezea. Iringa haihami." Sabina akacheka mpaka akakaa chini, mimi nilikwenda nyuma ya mikaratusi nikalia, kwamba hata ushauri ambao ningeuhitaji mimi anapewa asiyeuhitaji.

Hiyo Iringa ni safari ya mwisho wa mwezi, klabu inakwenda kucheza kule, mimi na Sabina tumepangwa kucheza pamoja, wawili kwa wawili, na baba yangu mzazi na kaka zangu wameshasema watakuja kuniona. Mume wangu sijamwambia kitu, kwa sababu nikimwambia chanzo atamwomba baba yake asije tena kiwanjani, na mzee wa watu akinyimwa kile kiti atakufa kwa upweke na mimi ndiye nitakuwa nimemuua. Nikiacha tenisi presha itarudi. Nikiendelea, mkono utakatika. Mama Mbuke, niache au nisiache? Na je, kweli mkono huu umelaaniwa?

Ni mimi, Mwalimu wa Ubao wa Chini, Mbeya.

MAMA MBUKE ANAJIBU

Mwalimu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikakuonea huruma, ya pili nikakasirika. Nitaanza na hasira, huruma utaikuta mwishoni.

Vidonge vya maumivu unavimeza ili ucheze? Maumivu ni mbwa wa mlangoni, anabweka kwa sababu kuna mwizi, na wewe unampa mbwa dawa ya usingizi halafu unauacha mlango wazi. Acha leo. Na huyo mama anayevuta mabega mpaka watu waone nyota, msalimie kwa mbali. Nimempigia simu mtaalamu wa mazoezi tiba ninayemwamini, nikamsomea barua yako bila kutaja mji. Anasema bega linalogoma kufunga kilemba linatakiwa kupimwa hospitali, si kuchuliwa kichochoroni. Nenda wiki hii hii, na raketi usiiguse mpaka aliyekupima akuruhusu. Iringa ya mwezi huu haipo. Baba yako na kaka zako waambie ukweli, Wahehe wenzako hawajawahi kufa kwa kuambiwa ukweli.

Sasa laana. Mimi ni Msukuma, nimekulia Igawa baba alikohamia na ng'ombe, mila za Wanyakyusa nimezikuta ukubwani na naziheshimu, na shangazi Tumpe mheshimu pia kwa sababu amesema kwa kukupenda. Lakini wewe ni mwalimu, hebu soma ulichoandika. Mkono uliolaaniwa ungekosea pande zote mbili za kiwanja. Wako unakosea upande mmoja tu, ule ambao unaogopa kugeuka. Mtaalamu wangu anasema sevu inatoka miguuni, inapita kiunoni, bega linaipokea na kuipeleka tu. Wewe umefunga miguu kwa kitenge, umekizuia kiuno, halafu ukaliachia bega kazi ya mwili mzima, tena kwenye baridi bila kupasha moto. Hata mashine ya kukoboa mpunga Chimala hawaiwashi na kuitwisha gunia dakika hiyo hiyo. Bega lako halina dhambi, limechoka kufanya kazi za wenzake.

Ukiruhusiwa kurudi, rudi polepole. Kitenge kiache nyumbani, vaa sketi pana ndefu juu ya suruali hiyo, heshima ipo na miguu inapata nafasi. Fika ukimbie taratibu mpaka jasho likutoke ndipo ushike raketi, na sevu za mazoezi zipigie ule upande wa pili ambako yeye yuko mgongoni. Usipige kwa hasira ya kumaliza upesi. Mume wako mwambie usiku wa leo, maana mficha maradhi kilio humuumbua, na usimwambie "baba yako ananiumiza", mwambie "bega linauma na nataka kwenda hospitali". Hapo hakuna wa kumfukuza mzee. Na mwalimu mkuu mwombe mtu wa kukuandikia nusu ya juu ya ubao, watoto watoke juu ya madawati kabla hajaanguka mmoja.

Nimefika kwenye kile kiti cha kukunja, na hapa hasira yangu inaisha. Mwalimu mzima unasahihisha madaftari ya watoto, lakini umeshindwa kusoma kitu kimoja ulichoandika kwa mkono wako. Umesema Sabina anapigia mkono wa kushoto. Umesema anasimama ubavu vizuri, anakimbia vizuri, ushauri hauhitaji. Halafu unaniambia mzee anamhimiza asimame ubavu, atangulize mguu, alipumzishe bega la kulia na asilipe vidonge. Bega la kulia la Sabina lina nini? Na Sabina ana vidonge gani? Mzee hajazeeka hata kidogo. Ameiona shida yako, pengine ameiona kabla yako wewe, na kwa sababu mila imemfunga mdomo kama ilivyokufunga wewe macho, ameazima masikio ya Sabina. Kila jioni anatoka kwenye baridi na kofia yake ya sufu kukufundisha wewe, na wewe ulikuwa unalia nyuma ya mikaratusi kwamba hakufundishi.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku ukitoka hospitali pita kiwanjani, bila raketi. Usimtazame, pita mbali, heshima yako ibaki ilivyo. Simama karibu na Sabina na useme kwa sauti ya kumfikia aliye kwenye kona, "Sabina, bega la kulia limesikia. Limekwenda kupimwa, na litapumzika. Likipona linaomba lifundishwe tena, ila mwalimu akihamisha kiti akae nyuma ya mstari wa kusevia, litaweza kugeuka." Halafu nenda nyumbani ukapike.

Kesho yake mtume Sabina aangalie kiti kiko wapi.