Moyo Unaokunja Silikoni

Jumatatu, 10 Machi 2025
Bure tena. Seli za moyo zimekaa juu ya ngozi ya mpira wa silikoni kama matone, hazishiki kitu. Niliahidi zitaivuta mpaka ijikunje. Hakuna hata mkunjo mmoja! Dkt. Kamanthe, msimamizi wangu, alichungulia kwa darubini, akasema kwa upole kwamba Ijumaa nikiwa bado sina kitu tutabadilisha mada ya utafiti. Upole wake ndio unauma. Mwaka mzima!

Mama amepiga simu kutoka Kathiani. Anauliza kama yale mayai ya kienyeji aliyonitumia ni matamu. Nikasema sana. Sijamwambia nayaatamisha, kisha natoa mioyo ya vifaranga nipate seli.

Jumanne, 11 Machi
Nimetengeneza silikoni nyembamba zaidi — laini kama utando juu ya maziwa. Nikapaka gelatini ili seli zipate pa kushika. Sasa ni kungoja.

Alhamisi, 13 Machi
IMEJIKUNJA!!

Seli zimejinyoosha, zimeng'ang'ania kwa ncha zote, na zinapiga! Zinavuta, ngozi inajikunja. Zinalegea, inanyooka. Moyo unapiga na kifaranga hayupo! Nimemkumbatia Josphat, fundi wa maabara, chai yake ikamwagikia koti. Akasema haidhuru, koti ni la chuo. Nimecheka hadi machozi. Nikampigia mama, nikamwambia yote, hata ya mayai.

Akasema: "Nakuja kuona."

Ijumaa, 14 Machi
Mama amefika kabla ya Dkt. Kamanthe. Amevaa kitambaa cha kanisa, amebeba trei nyingine ya mayai! Nikamwonyesha pa kuweka jicho kwenye darubini. Nikamweleza kwamba ile mistari inayokuja na kupotea ndiyo nguvu yenyewe — kitu kidogo hivyo kinavuta mahali kiliposimama. Mkono wake ukapanda kifuani, ukabaki hapo.

Dkt. Kamanthe ameingia. Amesimama nyuma ya mama, ananiangalia, anataka nimwondoe mama ili achungulie yeye. Siwezi. Naandika nikiegemea friji.

Mama ameuliza bila kuinua kichwa, "Mutheu, huyu anajua hayuko kwa yai?"

Dkt. Kamanthe akacheka kidogo. Kisha akaacha, akavuta kiti, akakaa kando ya mama.

Sasa wananingoja nijibu, wote wawili.