Mawese Kwenye Matairi Yako

Baba yangu,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, na safari hii sijui hata kama naistahili.

Gari lako lilikaa uani hapa Ujiji tangu tulipokuzika, jua lote likiishia juu yake. Jumamosi iliyopita, siku ya harusi ya mdogo wangu Mwajuma, nikalitoa kwenda kumchukua yeye na mama saluni kule Gungu. Nilitaka watu waone gari la baba limempeleka bibi harusi.

Unakumbuka ulivyonifundisha? Asubuhi, gari halijapata moto, unachuchumaa kwenye kila tairi na kupitisha kiganja ubavuni taratibu, kama unampapasa mtoto mwenye homa. Kisha unauvuta mkono wangu. "Usiangalie tu, shika." Unachokoa kokoto kwa msumari, unasugua kwa brashi, maji na sabuni. Siku niliyokuletea chupa ya mawese kutoka jikoni, kwa kuwa niliona madereva wa soko la samaki wakipaka ili matairi yang'ae, ulicheka mpaka ukakaa chini.

"Hayo ya mboga, mwanangu! Tairi ukilipaka mafuta unaliharibu, halafu unauficha ugonjwa wake." Ulipomaliza kucheka ukaniambia tairi huzeeka hata likiwa limesimama, kwamba nisidanganyike na mistari yake kuwa bado na kina. Likianza kuchanikachanika ubavuni halina dawa, litolewe.

Baba, nyufa niliziona. Mistari ilikuwa mizima kabisa, nikajiambia kutoka Gungu hadi nyumbani ni pua na mdomo. Nikachukua mawese. Matairi yakang'aa, nami nikapiga picha.

Tulikuwa tunateremka kuja Ujiji tairi la mbele lilipopasuka. Gari likayumba, likatumbukia mtaroni. Mwajuma hakuumia, ila mama alijigonga paji la uso, damu ikamwagikia khanga yake ya harusi. Aliposhuka alijishikiza kwenye tairi la nyuma. Nikamwona anaangalia vidole vyake, vyekundu kwa mawese na vumbi. Akavifuta kwenye khanga, penye damu.

Watu wakajaa. "Mama, pole! Imekuwaje tena?"

"Msumari," mama akajibu. "Barabara hii imejaa misumari."

Nikapewa pole na kila mtu, na zote nikazipokea. Mwajuma akaingia kwenye harusi yake kwa bodaboda, gauni amelikunjia mapajani, huku mashangazi wakinishika bega na kunisifu kwa kuushika vizuri usukani. Naona aibu, baba. Nikipita msikitini ulikokuwa ukiswali, watu wananisalimia kwa huruma, nami natamani ardhi inimeze. Mama aliyaona mawese na bado akasema msumari, na hilo ndilo linalonimaliza.

Nimebadilisha matairi yote, hata lile la akiba. Jana nilimfuata mama nimpeleke hospitali akatolewe nyuzi alizoshonwa usoni. Nikamfungulia mlango, hakuingia. Alizunguka gari polepole, akainama kwa shida na magoti yake yale, akapitisha kiganja kwenye kila tairi kama ulivyokuwa ukifanya wewe. La mwisho alipomaliza, akanusa vidole vyake.

Ndipo akapanda.

Lala salama, baba. Nikija kaburini nitakuja kwa miguu.

Binti yako, yule uliyemshika mkono