Bwana Disii na Mgongo Wangu

Kwako Mama Karimi, uliyekwenda bila kunionyesha unakoweka chumvi,

Miaka ile ya Emajensi, Wazungu walipotangaza hali ya hatari, kutoka Meru hadi Embu, hakukuwa na mtu aliyejua kufuga simbilisi kunishinda. Wale panya wanono wasio na mkia, wanaotoroka hata kivuli chao, walinijia mbio kama watoto walioona andazi. Juzi niliwaambia wajukuu hivyo, wakanipigia makofi.

Haya, acha kunitazama hivyo. Ni wewe. Mimi kazi yangu ilikuwa kuumwa kidole gumba.

Mbuzi walikuwa wamechukuliwa, nasi tumesongamana katika kijiji chenye handaki pande zote. Mpishi wa misheni akakupa simbilisi wanne ndani ya kikapu, wiki ileile niliyotoka kambini, kizuizini. Filimbi ya homgadi, wale walinzi wa serikali, ikilia, walikimbilia chini ya kitanda. Nami niliwafuata, mtu mzima na ndevu zangu. Mgongo wangu haukutoka ukutani. Nilikula nao ukutani, nikalala nao ukutani, na hata wewe mke wangu sikukuruhusu upite nyuma yangu.

Yule mkubwa ukamwita Bwana Disii, kama yule Mzungu mkuu wa wilaya, kwa sababu naye alishiba bila kulima.

"Nyamaza, mama! Utanirudisha kambini."

"Wakiuliza nitasema ni jina la mume wangu."

Mimi nikataka kumzoesha kwa siku moja. Nikamkamata, akanitoboa kidole. Ulicheka mpaka ukashika mlango.

"Wee muthuri, mzee wangu, mkono ukitoka juu ni wa mwewe. Uweke chini. Halafu usimtazame. Mwenye njaa atakuja mwenyewe."

Kila alasiri ukakaa sakafuni, majani ya viazi vitamu kiganjani, uso umegeukia kwingine, unaimba wimbo wa kanisa kwa pua. Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya nne, pua moja ikachungulia. Mimi huko ukutani nikakuona mjinga. Nilichelewa sana kugundua kwamba hata sahani yangu ya mukimo ulikuwa unaiweka chini, mbali kidogo nami, kisha unageuka. Na kila siku sahani ilisogea kwako kidogo. Ulikuwa unafuga watano, mwanamke mjanja wewe!

Kisha ukanipa changamoto: Bwana Disii akila mkononi mwangu kabla ya mtama kuiva, utanikuna mgongo hadi niseme basi. Alikula. Alinifutia masharubu yake kiganjani, nikaogopa kupumua.

"Geuka basi nikukune," ukasema.

Nikasema nina kazi. Kazi gani, na tulikuwa tumefungiwa ndani?

Hukunisukuma. Ulikaa katikati ya nyumba ukimenya maharagwe, umenipa mgongo. Nami sijui nilitokaje ukutani. Nilijikuta nimekaa nyuma yako, mgongo wangu umeegemea wako. Hukugeuka. Uliendelea tu kumenya. Baadaye kila nikidai kukunwa kwangu unasema, "Ulikataa mwenyewe, muda umepita." Miaka yote hiyo!

Sasa Karimi amenileta kwake huku mtaa wa Dallas, mjini Embu. Ameniajiria mama mmoja wa kuniogesha. Ni mpole, lakini mikono yake hutoka juu. Nimerudi ukutani, Mama Karimi. Siku tatu sijakubali kuoga. Jana binti yako alilia jikoni, akidhani sisikii. Nimechoka. Miguu imechoka, na utani nao umechoka, nautoa nusunusu. Sitaki kumliza mtoto wetu. Lakini mgongo hausikii maneno yangu, haujawahi.

Leo asubuhi nilimwambia yule mama, "Weka karai chini. Kaa. Usinitazame." Aliniona kichaa, lakini alikaa. Kesho nitajaribu kusogea.

Wewe nilipe tu lile deni lako. Akianza kunisugua, njoo unikune kidogo, pale katikati mkono wangu usipofika. Uje kwa chini. Mgongo nitaugeuza mwenyewe.

Mumeo,
yule wa tano.